Namna ya Kuusoma Mfululizo wa Thor Mpaka Pale Unapokolea

Mtu anayetaka kuisoma hadithi ya picha ya Thor tangu mwanzo hukumbana na kikwazo ambacho wapenzi wa zamani wa mfululizo huu husahau kumwonya: mwanzo wake ni dhaifu. Shujaa huyu alitokea mara ya kwanza katika toleo la 83 la jarida la Kimarekani la Journey into Mystery, lenye tarehe ya Agosti 1962, na msomaji anayelifungua akitarajia kukutana na miungu, majitu na daraja la upinde wa mvua atamkuta daktari mlemavu wa mguu, Donald Blake, aliyekwenda kutembea Norwei, akiwakimbia wavamizi wa mawe waliotoka sayari ya Zohali. Daktari anajificha pangoni, anaokota fimbo, anaigonga mwambani, na papo hapo anageuka mungu wa ngurumo na kuwatimua wageni. Msomaji akivumilia na kuendelea, atapewa dikteta wa nchi ya kubuni, mhalifu kutoka karne zijazo na wageni wengine wa angani, na baada ya matoleo kumi hivi huenda akaufunga mkusanyiko wake akiamini kwamba sifa zote alizozisikia zilikuwa za bure.

Namwandikia msomaji huyo. Ninachotaka kumweleza ni kwamba mfululizo huu ulikolea pale visasili vilipoacha kuwa vazi la shujaa vikawa nchi anamoishi, na kwamba mgeuko huo unaweza kuonyeshwa kwa kidole, toleo kwa toleo, ukurasa kwa ukurasa. Anayejua kuutambua atajua pia aanzie wapi, aruke nini, na apunguze mwendo mahali gani.

Anza na toleo la 83, lakini usikae nalo. Lisome mara moja ili uijue fimbo, pango na daktari, kisha usome toleo la 85, ambamo Loki, ndugu wa kulelewa wa Thor na adui yake, aliyefungwa ndani ya mti, anajinasua na kushuka New York, na ambamo Asgard, nchi ya miungu, inachungulia kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ruka bila kujilaumu hadi toleo la 97. Katika matoleo ya katikati mwandishi na mhariri Stan Lee alitoa visa kwa ufupi, nduguye Larry Lieber au mwandishi mwingine akaandika maneno, na Jack Kirby, aliyemchora Thor wa kwanza, mara nyingi alikuwa akishughulikia kazi nyingine huku wachoraji wengine wakipokezana. Mikono mingi si kosa kubwa peke yake. Kosa lililo kubwa zaidi limo katika kanuni ambayo waandishi wenyewe walijiwekea, yaani kwamba Thor akitengana na nyundo yake kwa sekunde 60 hurudi kuwa Blake. Kanuni hiyo ilionekana kuwa chanzo kizuri cha wasiwasi, lakini iliifanya karibu kila hadithi iwe hadithi ya nyundo iliyopotea. Hatari ya mungu ikawa hatari ya mtu aliyedondosha chombo chake cha kazi, na miungu wenzake, ambao ndio wangeweza kumtisha kwelikweli, wakabaki kwao bila la kufanya.

Ukifika toleo la 97, la Oktoba 1963, usianze na hadithi kuu. Geuza hadi nyuma ya jarida. Humo utakuta kurasa tano tu, zilizopewa jina la Tales of Asgard, ambamo Lee na Kirby wanasimulia mwanzo wa ulimwengu kama unavyosimuliwa katika visasili vya watu wa kaskazini: barafu, moto, na jitu Ymir. Hamna daktari humo, wala New York, wala jambazi wa benki. Kurasa hizo tano ndizo mbegu ya yote yaliyofuata, na jambo la kwanza la lazima kwa msomaji mpya ni kuzisoma kwa mfululizo, kuanzia toleo la 97 hadi kama toleo la 113, kwa kikao kimoja, huku hadithi kuu zikiachwa kando. Zitakupitisha katika vita vya Odin, mfalme wa Asgard na baba wa Thor, kisha katika utoto wa Thor, ambaye bado hana uwezo wa kuinua nyundo na anatakiwa kuustahili uwezo huo kwa matendo. Katika toleo la 102 anaiinua hatimaye ili kwenda kumwokoa Sif, msichana wa Asgard. Ona tofauti ilivyo: katika hadithi za mbele nyundo ni kitu kinachopotea, lakini katika kurasa za nyuma ni kitu kinachotafutwa kwa miaka. Jarida lilelile lilibeba wakati mmoja dhana mbili za shujaa mmoja, na ile bora ilikuwa imepewa kurasa chache zaidi.

Kabla hujanunua au kuazima mkusanyiko wowote wa miaka hiyo, hakikisha kwamba kurasa hizo za nyuma zimo, na kwamba zimewekwa pamoja na matoleo yake. Ipo mikusanyiko iliyozitenga na kuzichapa kama kitabu cha peke yake. Mimi mwenyewe nilizisoma hadithi kuu kwa mara ya kwanza bila kurasa hizo, na kwa muda mrefu sikuelewa mabadiliko ya mwaka 1965 yalitoka wapi; yalionekana kama yameanguka kutoka mbinguni, ilhali yalikuwa yamepikwa pale nyuma kwa karibu miaka miwili. Rangi nazo ziangaliwe. Baadhi ya machapisho ya karibuni yamepakwa rangi upya kwa mbinu za kompyuta, na ingawa mengine yamefanywa kwa uangalifu mkubwa, kazi ya Kirby ilibuniwa kwa rangi bapa za karatasi duni, na ninaamini inapumua vizuri zaidi zikibaki hivyo.

Sasa tumefika kwenye kiini. Kirby alishika uchoraji wa hadithi kuu kwa kudumu tangu toleo la 101, la Februari 1964, na kwa mwaka mzima hivi unaweza kuona kurasa za nyuma zikivuja polepole kuingia mbele. Mchawi Amora na mnyongaji Skurge, wote wa Asgard, wanatumwa duniani katika toleo la 103. Loki anarudi mara nyingi zaidi na sababu zake zinaeleweka zaidi. Lakini ukiniuliza toleo ambalo ningeliwekea alama, nitakuambia ni la 116, la Mei 1965. Thor na Loki wanashtakiana mbele ya Odin, na Odin anaamua kwamba ukweli ujulikane kwa majaribu: wote wawili wavuke nchi ya kutisha iitwayo Skornheim bila silaha, na wa kwanza kufika ndiye msema kweli. Loki anadanganya kwa kutumia mawe ya uchawi. Thor anakwenda mikono mitupu.

Msomaji aliyevumilia matoleo ya mwanzo ataona mara moja kilichotendeka hapa. Miaka miwili kabla, Thor bila nyundo alikuwa Blake, na hadithi ilikuwa imefika kwenye kilele chake cha wasiwasi. Katika Skornheim, Thor bila nyundo ni Thor bado, na kinachotutia hofu ni kwamba baba yake ni hakimu, ndugu yake ni mwongo, na sheria ya nchi yao haina njia ya mkato ya kumtambua mwongo huyo. Ndugu anamchukia ndugu na baba anawapenda wote wawili, na hadithi inajiendesha kwa uhusiano huo peke yake.

Kutoka hapo soma bila kuruka hata toleo moja mpaka la 136, la Januari 1967. Ni matoleo 21, na nashauri usome mawili au matatu kwa siku, kwa sababu kuanzia hapa hadithi hazikatiki. Toleo la zamani lilikuwa kisa kimoja kilichoanza na kuisha. Sasa mwisho wa kisa kimoja ni mlango wa kingine, na mara nyingi visa viwili au vitatu vinakwenda sambamba. Katika toleo la 118 Loki anasababisha kuamshwa kwa Destroyer, deraya ya kutisha iliyotengenezwa na Odin mwenyewe, na Thor anakaribia kuuawa na kazi ya mikono ya baba yake. Baadaye Crusher Creel, mfungwa wa kawaida ambaye Loki alimpa uwezo wa kugeuka kitu chochote anachokigusa, anachukuliwa hadi Asgard kumpindua Odin. Jambazi wa dunia, ambaye katika matoleo ya awali angepigwa katika uchochoro na kukabidhiwa kwa polisi, sasa anasimama mbele ya kiti cha enzi cha miungu. Hivi ndivyo mfululizo uliokolea unavyofanya na mali yake ya zamani: hauitupi, unaibeba na kuipandisha hadi mahali pake papya.

Wakati huohuo kurasa za nyuma zilikuwa zikisimulia safari ndefu ya meli, na katika toleo la 119 wakajitokeza mashujaa watatu ambao hawamo katika visasili vya kale: Fandral mwenye madaha, Hogun asiyecheka, na Volstagg, mzee mnene mwenye majigambo makubwa kuliko ujasiri wake. Watazame kwa makini hao watatu. Mfululizo ambao bado unaogopa chanzo chake hunukuu tu. Mfululizo uliokwisha kukitawala chanzo chake huthubutu kukiongezea, na nyongeza zake hukaa kwenye meza moja na wenyeji pasipo mtu kuuliza wametoka wapi.

Mwezi Machi 1966, katika toleo la 126, jarida lilibadilishwa jina likawa Thor. Jina jipya lilikuja baada ya jambo lenyewe kuwa limekwisha kutendeka, na toleo hilo lenyewe linaonyesha hivyo. Thor anapigana na Hercules, shujaa wa visasili vya Wagiriki, katika mitaa ya New York, pigano la miungu wa jamii mbili, na analipoteza kwa sababu Odin, aliyekasirishwa na penzi la mwanawe kwa binadamu Jane Foster, muuguzi wa Blake, anampunguzia nusu ya nguvu zake pigano likiendelea. Hapo tena, kinachoamua ni hukumu ya baba. Katika matoleo yanayofuata Hercules anatia saini mkataba wa hila na kujikuta amefungwa kuwa mtawala wa kuzimu badala ya Pluto, na Thor, aliyepigwa naye juzi tu, anajitolea kwenda kumpigania. Mkataba wa miungu hauvunjwi kwa ngumi hivihivi, na hadithi inaliheshimu jambo hilo. Msomaji anayetafuta dalili ya kukolea aandike hili kwenye kijitabu chake: ulimwengu umeshakuwa na sheria ambazo hata mwenye nguvu kupita wote analazimika kuzifuata, na msisimko unatoka kwenye sheria hizo.

Inafaa nisimame hapa kueleza namna ya kuusoma ukurasa wa Kirby, kwani wengi huusoma kwa haraka mno. Njia ya kazi ya Lee na Kirby ilikuwa kwamba walizungumza kisa kwa kifupi, kisha Kirby akakichora chote, akiamua mwendo, mahali na matukio mengi, na ndipo Lee akaja kuandika maneno juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Kwa hiyo kila toleo lina masimulizi mawili, moja limewekwa juu ya jingine. Lisome mara ya kwanza ukitazama picha pekee, ukiacha viputo vya maneno, na utashangaa jinsi kisa kinavyoeleweka. Mara ya pili soma maneno, yale ya kale yenye kunyenyekea na kutukuza, ambayo Lee aliyaiga kutoka Kiingereza cha Biblia na cha Shakespeare, na ujiulize yanaongeza nini na wapi yanapingana na picha. Mara nyingine uso unasema hasira huku kiputo kikisema huzuni, na msomaji anayeyaona yote mawili anapata hadithi pana kuliko aliyetazama moja.

Kuhusu wino, kuna ugomvi wa siku nyingi. Vince Colletta, aliyetia wino juu ya michoro ya penseli ya Kirby kwenye hadithi kuu tangu toleo la 116, alitumia mistari myembamba inayofanana na michoro ya kuchongwa ya vitabu vya kale, na wengi humlaumu kwamba alikuwa akifuta watu na majengo ili amalize kazi mapema. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo nashikilia kwamba mistari ile myembamba, penye miti, manyoya na mawe ya Asgard, iliupa mfululizo sura ya kitu kilichookotwa katika sanduku la zamani, na hakuna kazi nyingine ya Kirby ya miaka hiyo yenye sura hiyo. Linganisha mwenyewe na matoleo yaliyotiwa wino na wengine kisha uamue.

Msafara huu unaishia katika toleo la 136, baada ya Thor kwenda mbali kabisa angani na kukutana, katika matoleo ya 132 na 133, na Ego, sayari yenye uhai na uso. Anarudi na kumpeleka Jane Foster Asgard, ambako Odin anampa uungu na kumtaka authibitishe kwa jaribio la ujasiri. Jane anashindwa na hofu, anarudishwa duniani kumbukumbu zake zikiwa zimefutwa, na Thor anakutanishwa tena na Sif, mwanamke wa nchi yake. Kisa hiki kinaniumiza kila nikisomapo, na sioni kwamba Jane alitendewa haki. Lakini kwa muundo ni wazi kinachofungwa: mvutano wa daktari na muuguzi uliobebeshwa mfululizo tangu mwanzo unaachwa, na mizani inaegemea Asgard moja kwa moja. Subiri kabla hujakikasirikia kabisa, maana kisa hiki kilijibiwa, ingawa ilichukua karibu miaka 48.

Kirby aliendelea hadi toleo la 179, la Agosti 1970, lakini si lazima usome yote kwa uangalifu uleule. Kurasa za nyuma za Asgard zilikoma katika toleo la 145. Mwaka 1967 karatasi za kuchorea zilipunguzwa ukubwa, na visanduku katika kila ukurasa vikawa vichache na vikubwa. Kuna utukufu katika ukubwa huo, lakini kisa kinakwenda polepole zaidi. Soma matoleo ya 154 hadi 157, ya Mangog, kiumbe anayebeba chuki ya taifa zima lililoangamizwa na Odin na anayetaka kuuchomoa upanga wa baba huyo ili kuleta mwisho wa dunia. Kisha soma ya 158 na 159, ambamo inafunuliwa kwamba Donald Blake hakuwahi kuwa mtu: Odin alimuumba ili amfundishe mwanawe unyenyekevu. Mengine yasome kwa kupenda.

Miaka ya 1970 ipite kwa haraka. John Buscema alichora Asgard kwa ustadi usio na doa, na mwishoni mwa muongo huo Roy Thomas alijaribu kuunganisha visasili vya kaskazini na opera za Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, katika kisa kirefu kilichomalizikia toleo la 300, la Oktoba 1980, ambacho mtafiti atakifurahia. Lakini mara nyingi mfululizo ulikuwa ukirudia vita vilevile mbele ya majengo yaleyale, na miungu wakawa kama watumishi wa ofisi walioizoea kazi.

Nafasi hiyo itumie kwa jambo jingine. Tafuta masimulizi ya kale yenyewe, hasa Edda aliyoiandika Snorri Sturluson huko Iceland yapata mwaka 1220. Utaona kwamba Thor wa kale ana ndevu nyekundu na gari linalokokotwa na mbuzi wawili, kwamba Sif ni mkewe mwenye nywele za dhahabu, na kwamba Loki alichanja damu na Odin akawa nduguye, wala hakuwa mwana wa kulelewa. Usiisome ili kuikosoa hadithi ya picha. Isome ili ujue Thor anafaje: siku ya Ragnarok, yaani mwisho wa miungu, anamuua nyoka anayeizunguka dunia, anapiga hatua tisa, na sumu ya nyoka inamwangusha. Msomaji anayezijua hatua hizo tisa ataisoma sehemu inayofuata kwa moyo mwingine.

Sehemu hiyo inaanza na toleo la 337, la Novemba 1983, na unaweza kuitumia kama mwanzo wako ikiwa miaka ya 1960 imekushinda. Walter Simonson alikabidhiwa maandishi na michoro pamoja, na kwenye jalada lake la kwanza kiumbe mgeni mwenye uso kama wa farasi, amevaa mavazi ya Thor, anaivunjavunja kwa nyundo nembo ya jarida. Kiumbe huyo, Beta Ray Bill, anaiinua nyundo ambayo haiinuliwi ila na anayestahili, na kwa hatua moja swali la zamani la kupoteza nyundo linageuzwa kuwa swali la kuistahili. Kufikia toleo la 340 Odin ameuondoa uchawi wa Blake kabisa, na kanuni ya sekunde 60, iliyokuwa imekaa miaka zaidi ya 20 kama jiwe kiatuni, imeondoka nao.

Soma kuanzia 337 hadi 353 kama riwaya moja. Katika toleo la kwanza kabisa utaona, katikati ya mambo mengine, ukurasa ambamo mtu asiyejulikana anafua chuma mahali penye moto mkubwa, na mlio wa nyundo yake juu ya fuawe umeandikwa kwa herufi nzito na John Workman. Mlio huo unarudi toleo baada ya toleo, ukurasa au nusu ukurasa tu, huku hadithi nyingine zikiendelea bila wahusika kuusikia. Usiupite. Kila ukikutana nao, simama na ujiulize ni nani anayefua, na kwa ajili ya nani. Jibu ni Surtur, jitu la moto, anayetengeneza upanga wa kuichoma dunia, na vita vinapofika katika toleo la 353, la Machi 1985, Odin, Thor na Loki wanasimama upande mmoja, kila mmoja akitangaza anachokipigania: baba anaitaja Asgard, mwana anaitaja dunia ya binadamu, na Loki anajitaja mwenyewe. Maneno machache hayo yanabeba tabia zilizojengwa tangu jaribio la Skornheim.

Simonson aliandika hadi toleo la 382, la Agosti 1987, isipokuwa toleo la 356 lililoandikwa na mwingine. Sal Buscema alishika michoro mingi ya mwishoni. Sitakusimulia yote, lakini pana mahali pawili pa kukaa. Mahali pa kwanza ni toleo la 362, ambamo Skurge yule mnyongaji wa toleo la 103, mtu aliyetumiwa na kuchekwa kwa zaidi ya miaka 20, anabaki peke yake kwenye daraja la Gjallerbru akilizuia jeshi la wafu ili wenzake waokoke kutoka Hel, nchi ya wafu. Ukiwa umemfahamu tangu 1964, kurasa zile zitakutoa machozi, na ukiwa umemfahamu tangu jana zitakutoa machozi vilevile, na sijui kipimo bora zaidi cha mfululizo uliokolea. Mahali pa pili ni toleo la 380, ambalo kila ukurasa wake ni picha moja nzima, pigano la Thor na nyoka wa dunia tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo utazishukuru zile saa ulizokaa na Edda.

Kipimo hikihiki kitumie kwa kazi za baadaye, ambazo ni nyingi mno kuzitaja. Uliza maswali machache: hatari inatoka wapi, ndani ya nchi ya shujaa au inaokotwa nje kila mwezi? Ukiondoa nyundo, bado kuna kisa? Yaliyotendeka matoleo 20 nyuma yana uzito leo? Kazi ya mwandishi Jason Aaron, iliyoanza mwishoni mwa 2012 na kumalizika 2019, inafaulu kwa sehemu kubwa. Ilianza na Gorr, muuaji wa miungu, anayemwinda Thor katika zama tatu za maisha yake, na muuaji huyo anamwachia swali asiloweza kulizuia: je, miungu wanastahili kuabudiwa? Swali hilo linazaa kila kilichofuata, mpaka Thor anapoacha kuistahili nyundo na, mwaka 2014, mwanamke anaiokota. Mwanamke huyo ni Jane Foster, akiwa mgonjwa wa saratani, na kila akigeuka kuwa mungu mwili wake unaondolewa dawa za tiba, hivyo kila ushindi wake unamsogeza karibu na kifo. Aliyeshindwa jaribio la Odin katika toleo la 136 anafanya jaribio hilo kila siku, kwa hiari yake, akijua gharama yake. Kisome kisa hiki baada ya kile cha mwaka 1967, usikisome kabla.

Ukimaliza yote haya, rudi kwenye rafu, chukua mkusanyiko wa kwanza, na ufungue nyuma ya toleo la 99, la Desemba 1963. Katika zile kurasa tano chache ambazo wasomaji wengi wa wakati ule walizipita wakikimbilia toleo jingine, Odin yumo akimkabili jitu la moto, na jina la jitu hilo ni Surtur.